Ua la Ukutani na Ua la Ziwani

Leo tunaomba wasomaji wetu, wa mjini Mwanza na wa visiwani, watuvumilie tuzungumzie jambo ambalo wengine wataliona dogo: maua yapandayo kutani mwa nyumba. Apitaye vilimani mwa Mwanza, pale nyumba zilipojibanza baina ya majabali, huona hapa na pale ukuta uliofunikwa kwa rangi ya zambarau au nyekundu iliyokoza. Huo ndio mbogenvilia, ambao wengi wetu huuita ua la karatasi. Na visiwani tumeuona, Nansio na kwingineko, ukipamba nyumba ya mwalimu na ya mvuvi sawia.

Tumeshikwa na haja ya kuandika kwa sababu ya kisa kimoja. Mzee mmoja wa Ukerewe alitusimulia jinsi kiongozi mmoja, ambaye hatutamtaja, alivyosimama mlangoni pake akamwambia, “Mzee, pori hili liondoke, linafuga mbu.” Mzee akamjibu, “Mwanangu, mbu azaliwa majini. Twende nikakuonyeshe mtaro wenu.” Kiongozi hakwenda. Mti ulifyekwa, na mtaro ungali umetuama maji.

Hatusemi kwamba kiongozi yule alibuni hofu yake. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kufyeka vichaka, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Ilikuwa kazi njema, na kizazi kizima kilirithi mazoea ya kuweka uwanja mweupe kuzunguka nyumba. Ni kweli pia kwamba mbu mkubwa hupenda kupumzika penye kivuli na unyevu. Lakini mbu wa malaria hutaga katika maji yaliyotuama. Mbogenvilia uliopogolewa vema, usioachwa kusongamana, haumzalii mtu mbu.

Basi tuseme kidogo namna ya kuupanda. Kata tawi lililokomaa, nene kama kidole, urefu wa shibiri moja, ulichomeke katika udongo mwepesi mwanzoni mwa vuli, Oktoba au Novemba. Likishachipua, lihamishie mahali penye jua la kutosha, dhiraa moja kutoka ukutani. Mmea huu hauna mizizi ya kung'ang'ania ukuta. Hujiegemeza kwa miiba yake, na bila kufungwa huanguka. Kwa hiyo tandaza waya, ukiacha nafasi ya ngumi moja baina yake na ukuta ili hewa ipite. Nyumba ya tofali mbichi isipigiliwe misumari. Simamisha nguzo mbili nje ya ukuta. Usiuache ufike kwenye bati, na usiupande wanapopita watoto, kwani miiba yake haina utani.

Ukishashika mizizi, usiunyweshe mno. Hapa wengi hukosea: huumwagilia kila jioni kama mchicha, kisha hulalamika kwamba umetoa majani matupu. Mbogenvilia huchanua zaidi katika kiu na jua kali, na ndiyo maana miezi ya Juni hadi Agosti, nyasi zinapokauka, wenyewe huwaka rangi. Tena rangi ile si ua. Ni majani yaliyogeuka sura. Ua lenyewe ni kijidude cheupe kilichojificha katikati.

Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 Mfaransa Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea katika msafara wa nahodha Bougainville, aliukuta karibu na Rio de Janeiro, ukapewa jina la nahodha huyo. Tangu hapo umetembea dunia nzima mikononi mwa watu. Aghalabu hautoi mbegu huku kwetu: usipokata tawi ukalipanda, hauendi popote.

Lakini katika bara lilelile lilitoka ua jingine, zuri vilevile, la samawati, lenye kuelea. Nalo lilisafirishwa kwa ajili ya kupamba mabwawa ya bustani. Wenzetu wa Pangani walikwisha kuliona mtoni mwao katika miaka ya 1950. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana katika Ziwa Victoria, huku Mto Kagera ukilishusha kutoka nyanda za juu. Hilo ndilo gugu maji. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, mwenyeji akaugua. Huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa wiki mbili hivi. Mwaka 1998 lilifunika zaidi ya hekta 17,000 za ziwa. Msomaji wa kisiwani hahitaji kuambiwa maana ya tarakimu hiyo: mwalo uliozibwa, nyavu zilizonasa, mtumbwi usioweza kutoka na mgonjwa ndani yake, konokono wa kichocho waliopata makao mapya. Wataalamu walileta fukusi kutoka nchi ya asili ya gugu hilo, wakalitafuna sana, lakini halikwisha. Mbegu zake hulala matopeni miaka mingi.

Mimea yote miwili ilipendwa kwa uzuri wake tu, na hakuna aliyeuliza mapema upi utakaa ukutani na upi utatoroka. Lantana nayo, iletwayo kwa ajili ya ua la nyumba, huliwa matunda na ndege, nao huisia mbegu malishoni.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa wilaya na halmashauri waache kuhangaika na kuta za wazee, waelekeze macho kwenye vitalu vya maua kandokando ya barabara na kwenye mabwawa ya kupambia yanayochimbwa karibu na ufuko. Wamtume bwana shamba akaulize kila mche umetoka wapi, huzaa kwa mbegu au kwa tawi, na maji ya bwawa lile, mvua kubwa ikinyesha, humwagikia wapi. Na yule mzee wa Ukerewe, tunapoandika haya, amekwisha kupata matawi matatu kwa jirani yake, ameyachomeka katika kopo kuukuu, akingoja vuli.