Maji ya Mirihi: Yalivyokuwa Zamani na Yalivyo Sasa

Mirihi ni sayari ya nne kutoka kwenye Jua, nayo ni jirani ya Dunia kwa upande wa nje. Kipenyo chake ni karibu kilomita 6,780, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kipenyo cha Dunia. Siku yake huizidi yetu kwa dakika zipatazo 40, na mwaka wake huchukua siku 687 za Dunia. Hewa yake, ambayo asilimia 95 ni kabonidioksidi, ni hafifu mno, hata kanieneo yake, yaani nguvu ambayo hewa huukandamiza uso wa sayari, haifikii asilimia moja ya ile ya Dunia. Kwa kuwa wastani wa joto nao ni takriban nyuzi 60 za Selsiasi chini ya sifuri, maji hayawezi kutuama juu ya ardhi, bali huganda au hugeuka mvuke upesi.

Hali haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1971 chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilianza kuizunguka sayari hiyo, kikapiga picha za mabonde makavu ambayo vijito vyake viliungana na kuwa mito. Mwaka 2012 gari la uchunguzi Curiosity lilikuta, ndani ya kreta ya Gale, changarawe zilizoviringika kwa kusukumwa na mkondo uliokadiriwa kumfikia mtu kati ya kifundo cha mguu na nyonga. Katika kreta ya Jezero, yenye upana wa kilomita 45 hivi, ambako gari Perseverance lilitua Februari 2021, mto wa kale uliingia ziwani ukatandaza mchanga na tope hadi kujenga delta, kama Rufiji inavyofanya pwani ya Tanzania.

Maji hayo yalipungua baada ya Mirihi kupoteza uga wake wa sumaku, yaani ngao inayozuia chembechembe zinazorushwa na Jua, zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Sehemu kubwa ya hewa ilipeperushwa angani, na mvuke wa maji ukavunjwavunjwa na mwanga mkali wa Jua hata hidrojeni yake ikatoroka. Sehemu nyingine ya maji ilinaswa ndani ya madini ya mfinyanzi.

Yaliyobaki ni barafu. Ncha ya kaskazini imefunikwa na tabaka la barafu lenye upana wa kilomita 1,000 hivi, na kreta ya Korolev, iliyo karibu nayo, ina barafu yenye unene wa kilomita 1.8 katikati yake. Mwaka 2008 chombo Phoenix kilichimba mtaro mfupi kaskazini kikafichua mabonge meupe, ambayo baada ya siku nne yalikuwa yametoweka bila kuacha tone, kwa sababu barafu ya huko hugeuka mvuke pasipo kuyeyuka kwanza. Chombo hichohicho kiligundua udongoni pakloreti, yaani chumvi za klorini na oksijeni zinazodhuru tezi ya shingo ya binadamu.

Kwa hiyo watu watakaokwenda kuishi Mirihi hawatakosa maji, ila watalazimika kuyachimba yakiwa barafu, kuyayeyusha ndani ya vyombo vilivyofungwa, na kuyaondolea chumvi hizo kabla ya kuyanywa.