Balehe Huanzia Kichwani

Balehe hujulikana zaidi kwa dalili zake za nje: sauti ya mvulana kuwa nzito, chunusi usoni, msichana kuvunja ungo. Lakini dalili hizo zinapoonekana, kazi huwa imeshaanza kitambo ndani ya ubongo, katika sehemu ndogo iitwayo hipothalamasi, na huanza usiku, mtoto akiwa usingizini.

Hipothalamasi hutoa homoni yake kwa mapigo, pigo moja kila baada ya saa moja au saa moja na nusu. Homoni hiyo huiamsha tezi ya pituitari, ambayo haizidi punje ya njegere na imening'inia chini ya ubongo. Pituitari nayo hutia katika damu homoni mbili zinazosafiri hadi kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana, na huko ndiko estrojeni na testosteroni hutengenezwa kwa wingi. Mfumo huu mtoto huzaliwa nao. Hufanya kazi kwa miezi michache ya uchanga, kisha hunyamazishwa kwa miaka mingi mpaka wakati wake ufike.

Mwili hauuamshi ovyo. Huuliza kwanza kama kuna akiba. Seli za mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York, na kiwango chake katika damu huujulisha ubongo kama chakula kinatosha. Watoto wachache waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini hawabalehe mpaka wapewe homoni hiyo kama dawa. Kwa sababu hiyohiyo msichana aliyekonda kwa njaa, au anayefanya mazoezi makali kupita kiasi, huchelewa kuvunja ungo. Katika karne ya 19 wasichana wa Norway walivunja ungo wakiwa na miaka 16 au 17. Lishe na afya zilipoimarika, umri huo ulishuka hadi karibu 13.

Kwa kawaida msichana huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na dalili ya kwanza ni matiti kuchomoza. Hedhi hufuata miaka 2 hivi baadaye. Mvulana huanza kati ya miaka 9 na 14, na kwake kinachotangulia ni korodani kukua, jambo ambalo wazazi hawalioni. Sauti na ndevu huja nyuma sana. Kwa desturi za pwani ya Afrika Mashariki, mwari hufundwa na kungwi au somo wake baada ya kuvunja ungo. Kibaiolojia, mwari huyo ameshaishi na homoni hizi kwa miaka miwili, na maswali yake mengi yalikuja mapema kuliko majibu. Mafunzo yanayotangulia hedhi yangemfaa zaidi.

Daktari James Tanner wa Uingereza alifuatilia kwa miaka mingi ukuaji wa watoto wa makao ya Harpenden, na pamoja na mwenzake W. A. Marshall akachapisha mwaka 1969 na 1970 ngazi tano za balehe ambazo madaktari wanazitumia hadi leo. Jambo moja katika kazi yao linastahili kurudiwa mara nyingi darasani: vijana wa umri uleule hutofautiana mno. Katika dawati moja anaweza kukaa mvulana wa miaka 14 mwenye umbo la mtu mzima na jirani yake ambaye ndiyo kwanza anaanza, na wote wawili ni wazima kabisa.

Ukuaji wa kimo huja kwa kasi. Mvulana anaweza kurefuka kwa sentimita 9 au 10 katika mwaka mmoja, msichana kwa 8 hivi. Miguu na mikono hutangulia kiwiliwili, ndiyo maana viatu hubana kabla suruali haijafupika. Kinachosimamisha ukuaji huo ni estrojeni, hata kwa wavulana, ambao miili yao huigeuza sehemu ya testosteroni kuwa estrojeni. Homoni hiyo huyafunga matabaka ya gegedu karibu na ncha za mifupa mirefu. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za mwanamume wa miaka 28 ambaye seli zake hazikuweza kuipokea estrojeni: alikuwa na kimo cha sentimita 204, na mifupa yake bado ilikuwa inakua.

Kwamba homoni hugusa hata tabia ni jambo lililoonyeshwa zamani na majogoo. Mwaka 1849 Arnold Berthold wa Göttingen, Ujerumani, aliwahasi majogoo wachanga. Waliohasiwa kabisa hawakuwika kama majogoo, hawakupigana, na vilemba vyao vilidumaa. Wale waliopandikizwa korodani tumboni walikua majogoo kamili, ingawa mishipa ya fahamu ya korodani hizo ilikuwa imekatwa. Basi ujumbe ulipita kwenye damu.

Binadamu, hata hivyo, haendeshwi na testosteroni peke yake. Katika ujana homoni huukuta ubongo ukiwa katikati ya ukarabati: miunganiko ya seli isiyotumika hupunguzwa, inayotumika huimarishwa. Sehemu za ndani, zinazoshughulika na hisia na raha, huchangamka mapema. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Mwaka 2005 Margo Gardner na Laurence Steinberg waliwachezesha watu mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Vijana walipotazamwa na wenzao walijihatarisha zaidi sana kuliko walipokuwa peke yao. Kwa watu wazima, kutazamwa hakukubadili kitu. Kumwambia kijana kwamba jambo ni hatari hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi hatari anaijua; kilicho kizito kwake ni macho ya rafiki zake.

Usingizi ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Melatonini, homoni inayoutangazia mwili kuwa usiku umeingia, kwa kijana huchelewa kupanda kwa saa moja hadi mbili. Kijana anayekesha hadi saa 5 usiku kwa kawaida si mkaidi, usingizi haujamjia. Naye anahitaji saa 8 hadi 10 za kulala. Kengele ya bweni ikilia saa 11 alfajiri, hesabu haitoshi, na deni hilo hulipwa kwa kusinzia darasani, hasira za ghafla na kusahau masomo.

Saa ya ndani ya mwili, inayoongoza usingizi huo, huzidi kusogea mbele hadi karibu miaka 20, wasichana wakitangulia wavulana kidogo, kisha hugeuka na kuanza kurudi nyuma. Mwaka 2004 Till Roenneberg na wenzake wa Munich walipendekeza kwamba mgeuko huo uchukuliwe kuwa alama ya kibaiolojia ya mwisho wa ujana.