Sungura wa Koti la Buluu

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwanasesere wenu mje naye.

Mwaka 1893 mtoto mmoja wa Uingereza, Noel, alikuwa kitandani anaumwa. Beatrix Potter, rafiki wa familia yao, akamwandikia barua yenye hadithi na picha za sungura mtundu aitwaye Peter. Hadithi ile ilitoka kama kitabu mwaka 1902, watu wakakigombania. Mwaka uliofuata Beatrix akamshona Peter wa kitambaa kwa mkono wake mwenyewe, na kabla waigaji hawajamwahi akamsajili serikalini kule London. Basi aliyetaka kutengeneza Peter wa kuuza sharti aombe ruhusa na alipe. Ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Marekani mambo yalikwenda kombo. Wachapishaji wa Beatrix hawakusajili hakimiliki ya kitabu huko, na wajanja wakakichapa wapendavyo, yeye asipate hata senti. Jambo hili huniuma, kwa sababu najua fedha zake zilikwenda wapi. Mapato ya vitabu yalimsaidia kununua shamba la Hill Top mwaka 1905, akaendelea kununua mengine, na alipofariki mwaka 1943 akaliachia shirika la National Trust mashamba 14, milima na kondoo wake, yatunzwe kwa ajili ya watu wote. Sungura wa kuchora alilinda ardhi ya kweli!

Waigaji bado wapo, basi sasa njooni mnadani. Mnada mnaoujua, mali unaishika, unavuta mshono, unanusa. Kwenye minada ya intaneti kama eBay, iliyoanza Marekani mwaka 1995, unachokiona ni picha tu. Tapeli hupiga picha ya mwanasesere halisi, wewe ukapanda dau, kisha posta ikakuletea feki.

Nani amkamate? Matangazo ya mnadani ni mengi mno, na mwenye mnada hawezi kujua kila mhusika wa hadithi ni wa nani. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1998, mwenye hakimiliki hupekua mwenyewe, na akiona kazi yake imeibwa huandika taarifa: tangazo ni hili, haki ni yangu, naapa nasema kweli. Tangazo huondolewa. Muuzaji anayeona amesingiziwa naye ana haki ya kujibu, na ni vizuri iwe hivyo, maana wapo wanaoshtaki hata wasio na kosa.

Lakini msiogope kuuza vyenu. Mwanasesere halisi uliyemnunua ni wako. Ukimchoka, mnadishe hata kama koti limepauka. Kosa ni kushona mwingine anayefanana naye na kumuuza kwa jina lile bila ruhusa.

Haya, wewe mdogo, mgeuze huyo wako. Angalia pale kwenye mshono, chini ya mkia. Lebo inasema ametengenezwa na nani, na kwa ruhusa ya nani?