Kuitwa Mezani si Kulazimishwa Kukubali

Kesi ya madai ikifunguliwa Tanzania, haiendi moja kwa moja kwenye ushahidi. Utaratibu ulioanza mwaka 1994 unaitaka mahakama iipeleke kwanza kwenye usuluhishi, na kanuni za 2019 ziliweka muda usiozidi siku 30. Wengi wakiambiwa hivyo huuliza kwa hasira: kama tungeweza kupatana, tungefika mahakamani? Swali lina uzito, lakini linachanganya mambo mawili. Mahakama inakulazimisha ufike. Kukubali ni hiari yako.

Kufika kwenyewe si jambo la kupuuza. Mdai akikosa bila sababu ya msingi, shauri lake linaweza kufutwa. Mdaiwa akikosa, utetezi wake unaweza kuondolewa.

Mle chumbani hakuna kizimba wala shahidi wa kubanwa maswali. Msuluhishi, ambaye mara nyingi ni jaji au hakimu asiyepangiwa kusikiliza kesi hiyo, huzungumza na pande zote pamoja, kisha anaweza kumwita kila mmoja peke yake. Hapo ndipo mfanyabiashara anayedaiwa husema asichothubutu kukiandika kwenye utetezi: deni analitambua, fedha za mkupuo hana, ila akiachiwa mzigo uliozuiliwa ghalani ataweza kulipa kidogo kidogo. Maneno hayo ni siri. Mazungumzo yakivunjika, hayatumiki dhidi yake kama ushahidi. Yakifanikiwa, riba inaweza kusamehewa na biashara ikaendelea, mambo ambayo huenda hayamo kabisa kwenye hati ya madai.

Kinachoua usuluhishi, kwa maoni yangu, ni taasisi kubwa kumtuma mtu asiye na mamlaka ya kuamua. Kila pendekezo likitajwa, anajibu kwamba atawauliza wakubwa. Siku 30 zinakwisha hivyo, na mwananchi amelipa nauli bure. Mahakama zinapaswa kulikemea hili bila kuoneana haya.

Na mnyonge naye alindwe asiharakishwe. Makubaliano yakisajiliwa hukaziwa kama hukumu, na nchini Kenya sheria imefunga kabisa mlango wa rufaa dhidi yake. Kwa hiyo, ukipokea wito, nenda na nyaraka zako, ujue kiwango cha chini unachoweza kukipokea, na usitie saini karatasi usiyoielewa. Una haki ya kusema hapana na kesi yako ikaendelea.