Je, Wajua? Audi TT na Barabara za Woolwich

• Audi TT, gari dogo la kifahari la michezo, lilianza kuundwa mwaka 1998 mjini Győr, Hungaria. La mwisho lilitoka kiwandani Novemba 2023.

• Injini za mwanzo zilikuwa za petroli, lita 1.8 zenye turbo, za nguvu ya farasi 180 au 225. Baadaye toleo la TT RS lilifikia 400 kwa silinda tano.

• Toleo la lita 3.2 la mwaka 2003 lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza sokoni yenye gia za klachi mbili: gia moja ikifanya kazi, inayofuata imeshaandaliwa.

• Tangu 29 Agosti 2023, London nzima, Woolwich ikiwemo, hutoza pauni 12.50 kwa siku kila gari lisilotimiza kiwango cha moshi: Euro 4 kwa petroli, Euro 6 kwa dizeli. Hivyo TT ya dizeli ya mwaka 2010 hulipa. Ya petroli ya mwaka huohuo hailipi. Anayenunua gari lililotumika aulize injini kabla ya rangi.

• Kivuko cha Woolwich huvusha magari Mto Thames bila nauli tangu 1889.