Sauti ya Mama Kifuani kwa Mtoto Njiti

Sikio la mtoto huanza kufanya kazi tumboni, kwenye wiki ya 24 au 25 hivi ya ujauzito. Kuanzia hapo humsikia mama kila anapozungumza, kwa kuwa sauti yake husafiri hadi tumboni kwa kupita mwilini mwake. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 29 hukatiwa masomo hayo wiki 11 kabla ya wakati. Akilazwa kwenye mashine ya joto, kinachomfikia zaidi ni ving'ora, milango inayofungwa na mazungumzo ya watu asiowajua.

Hapa Pemba, kuzijua wiki hizo za ujauzito kumefanyiwa kazi kubwa. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, Chake Chake, ilishiriki katika utafiti wa AMANHI, ambamo wajawazito walipimwa kwa ultrasaundi mapema ili umri wa mimba ujulikane kwa uhakika. Mtoto wa kilo moja na nusu anaweza kuwa njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, au akawa ametimiza miezi yake lakini hakukua vizuri tumboni. Mizani haiwezi kuwatofautisha, na hali masikio na ubongo wao havijafika hatua moja.

Je, sauti ya mama inaweza kurudishwa? Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watoto njiti 46. Kundi moja lilisikilizishwa usiku sauti za mama zao zilizorekodiwa wakisoma hadithi, jumla ya saa 2 na dakika 40 kila usiku. Picha za MRI zilionyesha kwamba kwa kundi hilo, njia ya neva inayounganisha sehemu za lugha, upande wa kushoto wa ubongo, ilikuwa imekomaa zaidi. Utafiti mwingine, wa Italia na Uswisi, uliochapishwa 2021, ulikuta kwamba njiti aliyechomwa kisigino kutolewa damu huku mama akizungumza naye alionyesha dalili chache zaidi za maumivu.

Tusiyakuze matokeo haya. Watoto waliopimwa ni wachache, na neva kukomaa mapema si hakikisho kwamba mtoto atasema mapema. Sauti haichukui nafasi ya joto, maziwa ya mama wala dawa.

Lakini rekodi zilitumika kwa sababu mama hao hawakuweza kukaa wodini usiku na mchana. Mama anayembeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa kanga vizuri, mdomo wake uko shubiri moja tu na sikio la mwanawe. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, uliofanyika katika nchi tano ikiwemo Tanzania, ulionyesha kwamba kuanza kubeba hivyo mara tu baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo kwa watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8. Joto na sauti, basi, hupatikana mahali pamoja.

Kuzungumza naye nako kuna adabu yake. Sema polepole, kwa sauti ya chini, mtoto akiwa macho au ametulia. Huna haja ya kutafuta kitabu: mhadithie ya nyumbani, mwimbie, msomee Kurani. Baba naye ana zamu yake, na hata adhana ya sikioni kwa njiti iwe ya kunong'ona. Simu isiwekwe ndani ya mashine ya joto. Mama akiwa bado mgonjwa na mkitaka kutumia rekodi, muulizeni kwanza muuguzi.

Mtazame mtoto naye. Akitanua vidole, akigeuza uso, akipata kwikwi au akipiga miayo mfululizo, amechoka. Nyamaza, endelea kumshika. Akibadilika rangi au pumzi ikikatika, mwite muuguzi hapo hapo.

Kwa wodi zetu, hili halidai mashine mpya. Linadai kitanda au kiti kizuri cha mama kando ya mwanawe, na ruhusa ya kukaa hapo muda wote.