Maneno ya kupinda: Kilatini ndani ya Kiingereza

Katika makanisa mengi ya Bunia, Beni na Goma, mhubiri mgeni akisema Kiingereza, mtafsiri husimama kando yake na kusanyiko lote humsikiliza yeye. Akikosea neno, watu wanarudi nyumbani na neno lililokosewa. Lakini mtafsiri aliyesoma Kifaransa shuleni ana msaada mkubwa mdomoni mwake. Tuchukue maneno ya kupinda tu, tuone.

Kiingereza kina tabaka mbili. “Bend” na “kneel” ni maneno ya asili ya Waingereza wenyewe. Mwaka 1066 Guillaume wa Normandie aliishinda Uingereza, na Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama kwa muda mrefu. Kwa mlango huo, na baadaye kwa vitabu vya wasomi, maneno ya Kilatini yaliingia kwa wingi.

Kitenzi cha kwanza ni flectere, kupinda. Kimezaa “flexible”, yaani kinachopindika bila kuvunjika. Biblia ya Kilatini ilikitumia katika Wafilipi 2:10, pale panaposemwa habari ya kila goti. Na kwa kuwa goti ni genu, kukawa na “genuflect”, kupiga goti. Ukitanguliza re-, maana yake kurudi, unapata “reflect”. Mwanga ukigonga kioo unarudi. Mtu naye akirudisha mawazo yake juu ya jambo, Kifaransa kinasema réfléchir, sisi tunasema anatafakari.

Mimi napenda zaidi plicare, kukunja. Complicare ni kukunja pamoja, explicare ni kukunjua. Kifaransa kikapata compliquer na expliquer. Kiswahili chetu kinafanya kazi hiyo hiyo kwa irabu moja tu: kunja, kunjua! Mhubiri anayefafanua andiko analikunjua mbele ya watu. Ila mtafsiri ajihadhari: “explain” ya Kiingereza haitoki hapo, imetoka kwa planus, kilicho tambarare. Kuna pia supplex, mtu aliyepiga magoti akiomba. Huyo alizaa supplier na souple kwa Kifaransa, “supplicate” na “supple” kwa Kiingereza. Kuomba na kulainika ni ndugu wa baba mmoja.

Curvus ni kilichopinda, na “curve” inajulikana na kila dereva. Martin Luther, alipofundisha Waraka kwa Warumi huko Wittenberg mwaka 1515 na 1516, alimweleza mwenye dhambi kuwa incurvatus in se, aliyejipinda ndani yake mwenyewe. Hata mema ya Mungu anayavutia kwake.

Sasa tunafika kwa torquere, kusokota, na hapa si goti tena. Kimezaa “torture”, mateso. Kimezaa “distort”, kupotosha maneno ya mtu. Kimezaa “extort”: ex- ni kutoa nje, basi ni kumsokota mtu mpaka kitu kimtoke, kama mama anavyokamua nguo aliyoifua. Mchuuzi aliyepita kwenye kizuizi cha barabara na mzigo wake hahitaji kamusi kwa neno hili. Mwenyewe anasema wamemkamua. Hata tort ya Kifaransa, kosa, imetoka kwa tortus, kilichosokotwa, na droit imetoka kwa directus, kilichonyooka.

Kwa hiyo mtafsiri asitosheke na neno moja, kupinda. Ajiulize: ni nani anapinda, na nani anapindwa? Mgeni akiwaomba wazee wa kanisa wawe “flexible” katika mapatano, anawaomba walegeze msimamo wao kwa hiari. Hajawaambia wapotoshe ukweli. Ukitafsiri vibaya hapo, kikao kinaharibika.

Limebaki clinare, kuinamisha, lenye “incline” na “decline”. Katika Luka 13:11, yule mwanamke aliyepindana miaka 18, Biblia ya Kilatini inamwita inclinata. Mistari miwili baadaye, Yesu akiisha kumwekea mikono, anakuwa erecta, neno linalotoka kwa regere, kunyoosha. Kitenzi hicho hicho kimezaa “correct”, na ndicho kilichotupatia droit.